Njiwa Waliotoka Ndani ya Vazi: Deni la Video za Muziki kwa Wachoraji wa Njozi

Katika video ya wimbo "Bedtime Story" wa Madonna, iliyoongozwa na Mark Romanek na kutoka mwaka 1995, kuna tukio la sekunde chache ambalo aliyeliona halimtoki kichwani kwa urahisi. Vazi la mwimbaji linafunguka, na kutoka ndani yake wanaruka njiwa, kana kwamba tumbo lake lilikuwa tundu ambalo mtu alisahau kulifunga. Hakuna mstari wa wimbo unaotaja njiwa, wala hakuna kinachotangulia au kufuata kinachotueleza wametoka wapi na wanakwenda wapi. Watazamaji wengi walilichukulia tukio hilo kuwa ni ufundi wa kompyuta, ambao wakati ule ulikuwa bado mgeni machoni pa watu. Wachache waliozijua kazi za wanawake waliochora Mexico katikati ya karne ya 20 walitambua kwamba ndege wale walikwisha kuruka zamani, na kwamba vazi walimotoka lilishonwa kwa brashi karibu miaka 50 kabla.

Aliyelishona ni Leonora Carrington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1917, akaikimbia Ulaya ya vita na kufanya maskani Mexico hadi alipofariki mwaka 2011. Mnamo mwaka 1947 hivi alichora jitu la kike lenye uso mdogo na nywele za rangi ya ngano, limesimama na kuipita kwa kimo miti na bahari iliyo nyuma yake. Miguuni pake watu ni wadogo kama siafu na wanaendelea na shughuli zao. Ndege wanazunguka wakitokea kwenye joho lake, na mikononi, mikono midogo isiyolingana kabisa na mwili ule, amelishika yai. Mswahili aliyelelewa kwa vitendawili akilitazama yai hilo ataisikia sauti ya bibi yake ikitega: nyumba yangu haina mlango. Jibu tunalijua tangu utotoni. Lakini Carrington ametega kisha akaondoka na jibu, na hata mtazamaji akikubali kushindwa na kumpa mji, mchoraji hausogelei mji huo.

Hoja yangu ni kwamba video za muziki zilizofaidika kweli na uchoraji wa aina hii ni zile zilizojifunza namna hiyo ya kutega bila kutegua. Zile zilizoazima vitu vyake tu, yaani saa zinazoyeyuka, matufaha yanayoelea na milango iliyosimama peke yake jangwani, zimeambulia mapambo.

Usurealisti, yaani sanaa hii ya njozi, kama harakati, una mwaka wake wa kuzaliwa: 1924, André Breton alipochapisha ilani yake mjini Paris. Breton alikuwa amesomea udaktari na kuwahudumia askari waliovurugikiwa na akili katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na mafundisho ya Sigmund Freud kuhusu ndoto yalikuwa yamemteka. Alitaka fikra ziachwe zitiririke bila kuchujwa na akili wala adabu. Walioitikia wito wake hawakuchora kwa namna moja. Wapo walioacha mkono uende unakotaka, na michoro yao haikupata wafuasi wengi katika muziki. Kundi lililorithiwa na waongozaji wa video ni lile la Salvador Dalí na René Magritte, waliochora mambo yasiyowezekana kwa utulivu wa fundi aliyeagizwa achore mtungi kwa ajili ya bango la duka.

Kwa Magritte, mfano huo wa bango si wa kubuni. Mbelgiji huyo, aliyezaliwa mwaka 1898, alifanya kazi katika kiwanda cha karatasi za ukutani na kuchora matangazo ya biashara. Isitoshe, katika miaka ya 1920 mjini Brussels alichora majalada ya nyimbo. Enzi hizo wimbo uliuzwa pia kama karatasi yenye nota, ili anayejua kupiga piano akaupige mwenyewe nyumbani, na karatasi hiyo ilihitaji picha ya kumvuta mnunuzi. Mdogo wake, Paul, alikuwa mtunzi wa nyimbo. Kwa hiyo mtu ambaye waongozaji wa leo humwendea kama mzee wa busara za sanaa alikwisha kuuza muziki kwa picha kabla runinga haijaingia sebuleni kwa mtu yeyote, na huenda ndiyo sababu picha zake hazimchoshi mtazamaji wa haraka.

Tazama, kwa mfano, picha yake ya mwaka 1937 ya mwanamume aliyesimama mbele ya kioo. Nywele zimechanwa vizuri, koti limekaa mabegani, na kwenye rafu iliyo chini ya kioo kuna kitabu, kilichochorwa bila papara yoyote. Kitabu kinajiakisi kiooni sawasawa kama inavyopasa. Mtu ndiye asiyejiakisi: kioo, badala ya uso wake, kinamwonyesha kisogo chake mwenyewe. Ukiuondoa ule mwakisi wa kitabu, picha inakuwa kichekesho, kwa sababu tutasema kioo ni kibovu, tucheke, tupite. Kitabu kinathibitisha kwamba kioo ni kizima na kwamba sheria za dunia zinafanya kazi kama kawaida, isipokuwa moja. Nimewahi kuona video zilizovunja sheria 40 ndani ya dakika tatu, samaki angani, sakafu ya maji, wacheza dansi wasio na vichwa, na nilipomaliza kuzitazama sikukumbuka hata moja.

Ndoa ya njozi hizi na muziki ilifungwa mapema zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 Dalí na Luis Buñuel, Wahispania wawili vijana, walitengeneza filamu fupi isiyo na sauti, "Un Chien Andalou", kwa sharti kwamba wangelikataa wazo lolote linaloweza kupata maelezo ya kiakili. Mmoja alileta ndoto ya wingu jembamba likikata mwezi kama wembe unavyokata jicho, mwingine akaleta ndoto ya kiganja kilichojaa siafu, na filamu ikaanzia hapo. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Paris, Buñuel alisimama nyuma ya pazia na gramafoni, akibadilisha santuri kwa mkono: mara tango za Argentina, mara muziki wa Wagner, huku mifukoni amejaza mawe ya kujihami endapo watazamaji wangemvamia. Mawe hayakuhitajika. Picha zisizo na mantiki, zikisindikizwa na nyimbo zilizochaguliwa na aliyezipiga picha hizo: sioni video ya muziki inahitaji kitu gani zaidi ya hapo. Kiswahili huuita mchezo wa mazingaombwe kiinimacho, na kwa filamu inayoanza kwa wembe kwenye jicho neno hilo linatosha bila kuongezewa. Mwaka 1976 David Bowie, katika ziara yake ya mwaka huo, aliwaonyesha mashabiki filamu hiyo kabla hajapanda jukwaani, mahali ambapo wengine wangeweka bendi ya kuchangamsha ukumbi.

Kuanzia miaka ya 1980 mkondo huo ukafurika. Nitaitaja "Sledgehammer" ya Peter Gabriel ya mwaka 1986 kwa sababu moja tu, nayo ni jasho lake: Gabriel alilala chini ya kioo kwa saa 16 huku wahuishaji wakisogeza vitu kidogokidogo na kupiga picha fremu moja baada ya nyingine. Mwaka uliofuata video hiyo ilizoa tuzo tisa za MTV. Uso uliotengenezwa kwa matunda, ambao wengi wanaukumbuka kutoka humo, asili yake ni Giuseppe Arcimboldo, Mtaliano wa karne ya 16, ambaye wasurealisti walimfufua na kumfanya babu yao.

Narudi kwa "Bedtime Story", kwa sababu sijaona kazi nyingine inayoonyesha vizuri zaidi jinsi picha inavyoweza kuhamia katika wimbo bila kufa njiani. Gharama yake, inayotajwa kuwa dola milioni 5, iliiweka miongoni mwa video ghali kuliko zote, na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York, MoMA, limeihifadhi. Fedha peke yake, hata hivyo, hazielezi kitu. Kinachoeleza zaidi ni wimbo wenyewe, ulioandikwa na Björk wa Iceland pamoja na wenzake, ambao unalalamika kwamba maneno hayafai kitu na kumwalika msikilizaji aache fahamu zake zipotee. Mwongozaji aliyepewa wimbo unaoyakana maneno yake mwenyewe amefunguliwa pingu. Hadaiwi tena kuonyesha ua pale linapoimbwa ua.

Zaidi ya Carrington, Romanek alikwenda kwa rafiki wa mchoraji huyo, Remedios Varo, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1908 na kukimbilia Mexico mwaka 1941. Baba yake Varo alikuwa mhandisi wa mambo ya maji aliyemfundisha binti yake kuchora kwa rula na bikari, na ndiyo maana mashine za ajabu katika picha zake zinaonekana kama zinaweza kuwashwa. Katika mojawapo ya picha zake za mwisho, ya mwaka 1963, aliofariki, wapenzi wawili wamekaa kwenye benchi wameshikana mikono, na mahali pa nyuso wana vioo, kila mmoja akimtazama mwenzake na kujiona yeye mwenyewe, huku maji yakiwa yamefunika miguu yao. Kioo hicho kimeingia katika video: yupo kiumbe ambaye badala ya uso ana kioo, na ndani yake tunamwona mwimbaji. Hapo Romanek ameazima, na ameazima kwa adabu.

Lakini karibu na mwisho anafanya jambo ambalo halimo kwa Varo wala kwa Carrington. Uso wa mwimbaji unajaa skrini, macho yamekuwa midomo, na pale palipopasa kuwa na mdomo pana jicho. Magritte alikwisha kuchezea viungo vya uso wa mwanamke katika picha ya mwaka 1934, na unaweza kusema deni ni lake. Mimi naona kuna zaidi. Video ya muziki ina sharti moja ambalo hata mtoto analijua, kwamba mdomo uende na maneno. Mwimbaji akikosea kidogo tu, watu wanasema anaigiza. Romanek amekichukua kiungo hichohicho ambacho fani yake inakitegemea na kuweka jicho mahali pake, na jicho haliimbi. Sheria moja imevunjwa, nayo ni sheria ya fani yenyewe, wakati mwanga, ngozi na nywele vimeachwa kama vilivyo. Kile ndicho kitabu cha Magritte mbele ya kioo.

Kuna tatizo ambalo waongozaji wanaopenda picha hizi hawalisemi sana: mchoro umesimama na video inatembea. Katika picha ya Magritte ya mwaka 1953 iitwayo "Golconda", iliyoko Houston nchini Marekani, makumi ya wanaume wenye makoti na kofia za duara wametapakaa angani mbele ya nyumba za kawaida za mjini. Je, wanashuka kama mvua, wanapaa, au wamening'inia? Picha haisemi, na kutosema huko ndiko kunakoifanya itazamwe mara ya pili. Mwongozaji akiihamishia katika video analazimika kuchagua, kwa sababu kamera ikishawashwa mtu aliye hewani lazima aelekee mahali. Akichagua mvua, amepata mvua ya watu, jambo la kustaajabisha kwa sekunde nne. Vivyo hivyo kwa wapenzi waliofunikwa vichwa kwa kitambaa ambao Magritte aliwachora mwaka 1928, na ambao wanatambulika katika video ya "Mine" ya Beyoncé ya mwaka 2013. Video ni nzuri, sikatai. Lakini kitambaa cha Magritte kinatisha kwa sababu hakipumui, na kitambaa kilichoanza kucheza dansi kinageuka kuwa vazi la jukwaani.

Video, kwa upande wake, ina kitu ambacho mchoro hauna, nacho ni kiitikio. Wimbo hurudi ulipotoka, na picha iliyorudi pamoja nao haihitaji kujieleza, kwa kuwa mdundo umeshaihalalisha. Michel Gondry, Mfaransa ambaye mara nyingi huchota katika ndoto zake mwenyewe badala ya kwenda makumbushoni, alilielewa hili. Katika "Let Forever Be" ya The Chemical Brothers ya mwaka 1999, msichana anaamka asubuhi, na kila muziki unapogeuka anazidishwa kuwa wasichana wengi wanaofanana naye, katika mandhari ya kuigiza inayorudufu chumba au mtaa uleule alimokuwa. Hakuna saa inayoyeyuka humo, hakuna tufaha, na bado ninaiona iko karibu zaidi na Dalí kuliko video nyingi zinazomnukuu.

Kuhusu saa, naomba nisimulie kidogo. Niliwahi kukaa jioni moja pembeni ya mhariri wa video huko Sinza, Dar es Salaam, nikimsubiri amalize kazi ya mteja. Mteja, kijana aliyekuwa akijiandaa kuachia kichupa chake cha kwanza, alimwomba, "Kaka, niwekee ile saa inayomwagika." Mhariri akamuuliza kama wimbo unazungumzia muda. "Hapana, ni wa mapenzi. Lakini ile saa inakaa vizuri." Mhariri alifungua jalada la vifaa alivyopakua kwenye intaneti, akaiburuta saa, ikayeyuka juu ya boneti ya gari, na kazi ikaisha kabla chai yangu haijapoa. Saa ile ni ya picha ya Dalí ya mwaka 1931, ambayo watu wengi huiwazia kuwa kubwa kama mlango, kumbe ina sentimita 24 kwa 33, imezidi kidogo tu karatasi ya A4. Dalí aliipaka rangi kwa uangalifu wa sonara, na ile kazi ya mkono ndiyo inayotufanya tuamini kwamba chuma kinaweza kulegea kama jibini juani. Leo, kwa programu za akili unde, saa hupatikana kwa kuandika mstari mmoja. Lisilowezekana limekuwa rahisi kuliko linalowezekana, kwa maana ni nafuu kuyeyusha saa kuliko kukodi gari.

Simlaumu yule kijana. Kinachonishangaza ni kwamba tunatoka katika lugha iliyojaa mafumbo na bado video zetu nyingi zinaogopa fumbo. Taarabu inaweza kumsema jirani kwa dakika kumi bila kumtaja, ikipitia kwa ua, kwa paka, au kwa chungu kilichopasuka. Kanga inabeba fumbo mgongoni hadi sokoni. Wimbo huohuo ukipigiwa picha, machozi yakiimbwa tunaonyeshwa machozi, na fedha zikiimbwa zinamwagwa juu ya kitanda. Sikio linaaminiwa, jicho linatafuniwa.

Suala la kukiri deni ni fupi. Mwaka 2003 Romanek huyohuyo aliongoza "Can't Stop" ya Red Hot Chili Peppers kwa kufuata sanamu za dakika moja za Erwin Wurm wa Austria, ambazo ni watu walioganda kwa muda mfupi na vitu vya kawaida, na video ikamtaja Wurm kwa jina. Wengi hawafanyi hivyo. Kazi za Magritte, aliyefariki mwaka 1967, zinalindwa na hakimiliki barani Ulaya hadi mwisho wa mwaka 2037, na za Dalí hadi 2059, ingawa kinacholindwa ni picha yenyewe, si wazo la mtu mwenye tufaha usoni.

Jina la usurealisti nalo linahitaji tahadhari linapovuka bahari. Breton alipofika Mexico mwaka 1938 alimhesabu mchoraji Frida Kahlo kuwa msurealisti, naye Kahlo akalikataa jina hilo kwa maelezo kwamba hakuchora ndoto, alichora uhalisia wake. Kwetu kosa hilohilo hufanyika mtu anapoyaona mashetani ya wachongaji wa Kimakonde, au ya George Lilanga aliyeyahamishia kwenye rangi, na kutamka kwamba huo ni usurealisti wa Kiafrika. Kwa aliyeyachonga, shetani ana tabia zake na mahali anapokaa, hakuokotwa usingizini.

Baloji, mwanamuziki na mwongozaji wa filamu, analijua hilo kuliko wengi. Alizaliwa Lubumbashi, mji wa Waswahili wa Katanga, mwaka 1978, akalelewa Ubelgiji, nchi ya Magritte, na jina lake kwa Kiswahili cha kwao ndilo hili letu la walozi. Katika "Zombies" ya mwaka 2019, filamu fupi iliyojengwa juu ya nyimbo zake, tunaanzia saluni, tunapita ukumbi wa dansi ambamo simu ndizo zinazoangaza nyuso za watu, kisha tunaingia kwenye maandamano ya barabarani Kinshasa yenye mavazi ambayo huwezi kuamua kama ni ya sherehe au ya msiba. Wahakiki wa fasihi yetu wangeiweka karibu na uhalisiamazingaombwe, yaani maajabu yanayosimuliwa kama mambo ya kila siku, na ninakubaliana nao, kwa sababu hakuna anayeamka mwishoni. Filamu yake ndefu ya kwanza, "Augure", ilipata tuzo katika Tamasha la Cannes mwaka 2023, na bado kila fremu yake imepangwa na mtu aliyejifunzia kupanga picha kwenye nyimbo.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1972, alikuja kutoka upande wa pili, upande wa karatasi. Kwa miaka mingi alikata majarida na kuunganisha miguu ya mwanamitindo, pikipiki na manyoya ya mnyama kuwa mwili mmoja. Mwaka 2013 aliupa mwili wa namna hiyo mwendo, katika kazi ya takriban dakika nane iitwayo "The End of Eating Everything", na uso akaazima wa mwanamuziki Santigold. Si video ya wimbo, kwani Santigold haimbi humo, lakini ndiyo ninayowaonyesha waongozaji vijana wanaponiuliza waanzie wapi. Kiumbe anaelea katika anga chafu, nywele zake zikijinyonganyonga kama mikia ya nyoka. Mbele yake kunatokea kundi la ndege weusi. Anawanusa, anawatazama kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kuvumilia, kisha anafungua mdomo na kuanza kuwala, na kamera inaporudi nyuma tunauona mwili uliokuwa nyuma ya uso ule mzuri, mkubwa kama kisiwa, umejaa madonda, mikono ya watu na magurudumu yanayozunguka na kutoa moshi.